Kilti Hupimwa kwa Magoti

Kabla hamjashika mkasi, mwambieni mteja apige magoti. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu nimeona vijana wengi wakisoma mwanzo wa maandishi ya mzee na kuacha sehemu iliyobaki. Kama mtasoma sentensi moja tu, basi iwe hiyo. Mtakaoendelea nitawaeleza jinsi mimi, niliyeijua kanuni hiyo tangu juma langu la kwanza kazini, nilivyoivunja, ni kitu gani kiliharibika, na jinsi kilivyookolewa na mwanamke ambaye hakuwahi kufika Uskoti wala hakuhitaji kufika.

Kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti. Wengi wenu mtaiita sketi, nami sitawakataza, ila msiiite hivyo mbele ya mteja. Ni kitambaa cha sufu ya mirabamiraba, urefu wa yadi kama nane, kinachozungushwa mwilini: mbele kinakaa bapa, nyuma kinakunjwa marinda, na ubavuni kinafungwa kwa kanda za ngozi zenye bizimu. Duka letu lilikuwa Richfield, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, karibu na uwanja wa ndege, kiasi kwamba ndege ilipotua pini zilitetemeka ndani ya kisahani. Tulikodisha na kushona mavazi ya jioni. Miaka ile ya tisini, wateja wetu wa majira ya baridi walikuwa wastaafu waliokimbia theluji ya Januari kwenda kupanda meli za kitalii huko kusini. Katika kila safari kulikuwa na jioni rasmi mbili au tatu, ambapo mwanamume hakuruhusiwa kuingia chumba cha chakula akiwa na shati la maua. Wengi walichukua suti nyeusi na tai ya kipepeo. Wenye asili ya Uskoti, pamoja na wale waliojigundulia asili hiyo juma moja kabla ya safari, walitaka kilti.

Mmoja wa hao waliojigundulia alituletea picha aliporudi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za meli, kifua mbele, na marinda yote yakiwa mbele pia, huku upande bapa ukiwa nyuma. Alisema jioni nzima alikaa vibaya na hakujua sababu. Tangu siku hiyo nilishona utepe mdogo ndani ya kila kilti ya kukodisha, nikaandika juu yake neno moja: nyuma. Fanyeni hivyo hivyo. Msidhani kwamba jambo lililo wazi kwenu liko wazi kwa mtu anayevaa kwa mara ya kwanza, tena ndani ya chumba kinachoyumba.

Nami nilifika kwenye kazi hiyo kwa kuyumba. Nilikuja Minnesota kusomea shahada ya uzamivu ya takwimu. Katika mtihani wa mdomo, mmoja wa maprofesa aliuliza swali ambalo sikulisikia vizuri. Mtu mwingine angesema, samahani, naomba urudie. Mimi nilikadiria alichouliza, nikayajibu makadirio yangu kwa dakika ishirini, kwa ufasaha, huku nyuso zao zikizidi kujaa huruma. Waliniambia nirudi baada ya mwaka mmoja. Nilitoka nimetikisika, na kwa miezi kadhaa sikuweza kumuuliza mtu yeyote jambo lolote. Nilipanda basi, nikapitishwa kituo, nikashuka mbele na kurudi kwa miguu katika baridi, badala ya kumuuliza dereva tumefika wapi. Kwenye dirisha la duka kulikuwa na tangazo: anatakiwa mtu makini. Makini ndicho kitu pekee nilichobaki nacho, nikaingia.

Fundi mkuu alikuwa Bi Mai, mama wa Kihmong kutoka milima ya Laos, aliyekuwa akiishi Saint Paul na nusu ya ukoo wake. Kiingereza chake kilikuwa kifupi na hakikupoteza neno. Changu kilikuwa kirefu na kilipoteza mengi. Aliniita Msomi, na hadi leo sina hakika kama ilikuwa sifa. Kwao wanawake huvaa sketi za marinda mamia, membamba kama njiti za kiberiti, zilizokunjwa kwa kucha na kushikizwa kwa uzi. Alinisimulia kwamba alipoonyeshwa kilti kwa mara ya kwanza aliyahesabu marinda, akafika ishirini na machache, akauliza kwa heshima kama fundi aliugua kabla ya kumaliza.

Kutoka kwake nilijifunza karibu yote ninayowapa. Marinda hupigwa bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, kisha pasi, na bandi haitolewi mpaka sufu ipoe kabisa. Ukiitoa ikiwa na joto, rinda linasahau lilichofundishwa. Kimkoba cha ngozi kinachoning'inia mbele husogezwa ubavuni wakati wa kula, la sivyo mteja atakula kwa kuinama kama anayetafuta kijiko mezani. Na kilti ya safari haikunjwi ndani ya sanduku. Husokotwa kwa urefu, marinda yakifuata mkondo wake, kisha huingizwa ndani ya mguu mmoja wa soksi ndefu za kike. Nimewatuma wanaume wazito, wenye masharubu, kununulia kilti zao soksi hizo, na wote walirudi wakisema muuzaji aliwaangalia vibaya. Lakini walifika melini bila mkunjo.

Kanuni ya magoti ni hii. Mteja anavalishwa kilti ya majaribio, inavutwa juu mpaka usawa wa kitovu, kisha anapiga magoti na kunyoosha mgongo. Ukingo wa chini ukigusa sakafu kidogo tu, urefu ni sawa; akisimama, utakuwa katikati ya goti. Hakuna hesabu inayoshinda njia hiyo. Tena eleweni vizuri vichwani mwenu kwa nini urefu ni jambo la hatari: upande wa chini wa kilti haupindwi. Kinachoonekana pale chini ni ukingo wenyewe uliofumwa kiwandani. Kwa hiyo kukata kote hufanyika juu, kiunoni, na ukikata fupi hakuna pindo la kukunjua.

Bwana Logan na mkewe walikuja juma la tatu la Novemba, kutoka Golden Valley. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee mrefu mwenye nywele nyeupe zilizochanwa kwa uangalifu, na alibeba kifurushi kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Ndani yake kulikuwa na sufu ya kijani kibichi na buluu, yenye mstari mwembamba wa manjano. Mama yake aliitoa Uskoti alipohamia Marekani akiwa binti, akakusudia kumshonea mume. Mume akawa mkulima, akasema hana jioni ya kuivalia. Kitambaa kikalala sandukuni maisha yote ya mkulima yule, na maisha ya mama, na sehemu kubwa ya maisha ya mtoto.

"Sasa mimi nina jioni mbili," alisema Bwana Logan. "Nimetumiwa ratiba ya meli. Jumanne na Ijumaa."

Mkewe, Bi Eleanor, alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na kioo, kichwa chake kimegeuka kidogo pembeni. Nilidhani ananidharau. Kumbe macho yake yalikuwa yakififia katikati, na aliona vizuri zaidi kwa kona.

"Daktari wa macho ameniambia mwaka huu niangalie kila ninachotaka kuangalia," alisema. "Nimeangalia maua, nimeangalia wajukuu. Limebaki hili moja. Nataka kumwona huyu ndani ya kitambaa cha mama yake, akishuka ngazi, watu wakimpisha."

"Na wasiponipisha?" mumewe akauliza.

"Basi nitakuwa sijaona vizuri, na utakuwa umesalimika."

Mnaelewa basi kilichokuwa mikononi mwangu. Kitambaa hakikuwa na cha pili chake, na Bi Eleanor hakuwa na mwaka wa pili.

Bi Mai alikuwa nyuma, akijiandaa kuondoka kwa siku chache za mwaka mpya wa Wahmong, ambao husherehekewa mwishoni mwa Novemba. Alininyooshea kidole kwa mbali, kisha akagusa magoti yake mwenyewe. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikwisha kumpimia magoti kijana mmoja wa harusi na wanaume wawili wa umri wangu. Sasa nilisimama mbele ya Bwana Logan na kilti ya majaribio mkononi, na maneno hayakutoka.

Nimezaliwa Bukoba. Katika nyumba ya babu yangu mtoto alimwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, na hata salamu tuliyoipokea kutoka pwani, shikamoo, tulifundishwa shuleni kwamba maana yake ni kushika miguu. Anayeshuka chini ni mdogo. Sijawahi kuona mtu wa umri wa baba yangu akipiga magoti mbele ya kijana, ila mara moja, na alikuwa akiomba msamaha kwa jambo ambalo sitaliandika hapa. Nikajiuliza: nikimwambia huyu mzee apige magoti, nani atakuwa mkubwa baada ya hapo? Nikajiuliza pia kama magoti yake yana ugonjwa, kama atashindwa kuinuka mbele ya mkewe, kama mkewe atauona unyonge huo badala ya kile alichokuja kukiona. Haya yote niliyafikiri katika muda wa kufungua bizimu moja.

"Simama tu hivyo hivyo, mzee," nikasema. "Inatosha."

Nilipima kutoka mkanda wa suruali yake hadi katikati ya goti. Kisha nikafungua daftari langu, ambamo nilikuwa nimeandika vipimo vya wateja wote na kutafuta uhusiano kati ya kimo, mguu na kiuno, nikafanya hesabu, na hesabu ikakubaliana na tepu kwa usahihi wa kupendeza. Ilikuwa kazi nzuri ya takwimu. Ninayo hadi leo.

Bi Mai alipoondoka nilikata. Nilitaka arudi akute nimemaliza hatua hiyo, aseme kwa mara ya kwanza kwamba Msomi ni fundi. Mkasi ukipita kwenye sufu nzito hutoa sauti kama mtu anayetembea juu ya theluji kavu. Nilitembea yadi nane. Ukanda mrefu wa kitambaa ukaanguka upande wa juu wa meza, nami nikauviringisha na kuuweka rafuni, kwa kuwa sina tabia ya kutupa kitu.

Aliporudi, alikiangalia kitambaa bila kuvua koti lake la baridi.

"Alipiga magoti?"

"Nilikadiria."

Alikuja, akanigeuza kwa bega na kuniuliza, "Msomi. Kiuno kiko wapi?"

Nikamwonyesha mahali ninapofunga mkanda. Ndipo nilipoligundua kosa, kidole changu kikiwa bado pale. Kiuno, kwa mtu wa kwetu anayejifunga shuka, ni pale shuka inapokaa, juu ya nyonga. Na mkanda wa Bwana Logan, kama mikanda ya wazee wengi, ulikuwa umeshuka chini ya tumbo. Bi Mai alinichoma kitovuni kwa kidole chenye kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano.

"Hapa," alisema. "Kiuno cha kilti, hapa."

Alipima umbali kati ya kidole chake na changu. Inchi mbili na nusu. Bwana Logan angeshuka zile ngazi na kilti inayoishia juu ya magoti, kama mtoto aliyerefuka ghafla wakati wa likizo.

Nilikuwa nikiishi Brooklyn Park na rafiki yangu Njoroge, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye aliniita Daktari, na katika hilo sikuwa na shaka kwamba haikuwa sifa.

"Daktari wa masketi," aliniambia jioni hiyo akichemsha chai. "Mbona umekaa hivyo? Leo sketi imekushinda?"

Nikamweleza yote, pamoja na habari za Bukoba.

"Sasa ngoja nielewe. Mzee amekuja mwenyewe, ame-drive mwenyewe, anataka hiyo nguo. Na wewe ukaogopa kumwambia apige magoti."

"Sikuogopa. Nilimheshimu."

"Ulim-respect mpaka ukamharibia nguo ya mamake." Alimimina chai. "Mimi kila siku nawaosha wazee, bana. Nawavalisha, nawageuza. Mwanzo nilikuwa kama wewe, naona aibu, namshika mzee kama yai. Mmoja akaniambia, kijana, unanitisha, unanishika kama mtu aliyekufa. Unajua nafanya nini siku hizi? Nauliza. Naweza kukushika hapa? Akisema sawa, nashika. Akikataa, amekataa. Heshima ni hiyo."

"Na kama atakasirika?"

"Ata-forgive. Lakini huwezi kuomba msamaha kwa tepu, Daktari. Lazima ufungue mdomo."

Asubuhi iliyofuata Bi Mai alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na sketi aliyoivaa kwenye sherehe, kazi ya mama yake. Aliitandaza mezani, marinda yakafunguka na kujifunga kama kinanda cha mkono, akaniambia nitafute mshono. Nilitafuta kwa macho, nikashindwa. Akakichukua kidole changu na kukipitisha ndani.

"Sketi yetu, vipande vitatu," alisema. "Juu kipande, katikati kipande, chini kipande. Nani anaona? Kile ulichokata kiko wapi?"

Nikaenda rafuni kuuleta ule ukanda nilioviringisha. Aliukunjua, akaulaza juu ya kitambaa, akausogeza mpaka mstari wa manjano wa juu ukakutana na wa chini. Mshono ungekaa chini kidogo ya bizimu, na kizibao cha jioni kingeufunika. Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa pumzi. Lakini Bi Mai hakuwa amemaliza.

"Mara hii tunapima kweli. Mzee anapiga magoti. Na wewe ndiye utamwambia."

"Wewe huwezi?"

"Mimi naweza," alisema, akavua koti lake.

Nikapiga simu. Walikuja Jumamosi, theluji ikiwa mabegani mwao. Niliiweka kilti ya majaribio juu ya kiti ili mikono yangu isiwe na kitu cha kuchezea, nikawaambia kwamba nimekata kitambaa kabla ya kumuuliza Bwana Logan jambo moja, na kwamba kwa sababu hiyo nimekikata kifupi. Mkono wa Bi Eleanor ulitafuta ukingo wa kiti na kuushika.

"Jambo gani?" mumewe akauliza.

"Kupiga magoti, mzee. Ni lazima upige magoti ndipo kilti ipimwe. Niliona haya kukuambia, kwa sababu una umri wa baba yangu."

Alinitazama kama anavyotazama mwalimu ambaye ameshasikia visingizio vya kila aina na sasa amepewa kipya.

"Kijana, nimepiga magoti kanisani tangu nikiwa na miaka mitano," alisema. "Kushuka si tatizo. Mniandalie watu wa kuniinua."

Tukamvalisha. Bi Mai akaivuta kilti juu, zaidi, mpaka mzee akasema hajavaa nguo juu kiasi hicho tangu alipokuwa akivalishwa na mama yake. Kisha akashika bega langu, akaanza kushuka, goti moja, halafu la pili. Na mimi, kabla sijafikiri, jambo ambalo hutokea kwangu kwa nadra sana, nikashuka naye. Tukawa tumepiga magoti wote wawili juu ya zulia, tukitazamana, kati ya safu mbili za suti nyeusi.

"Mbona kimya?" Bi Eleanor akauliza kutoka kitini. "Mnafanya nini huko chini?"

"Tumepiga magoti," mumewe akamjibu.

"Wote wawili? Nani anamposa nani?"

Bi Mai alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Nami, kwa kuwa nilikuwa tayari katika mkao wake, nikasema neno ambalo mkao huo ulinidai.

"Shikamoo."

"Hilo ni nini?"

Nikamweleza: ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, maana yake nashika miguu yako, na mkubwa hujibu marahaba.

"Marahaba," alisema Bwana Logan kwa uzito wa mtu anayesoma jina la mto mgeni kwenye ramani. "Eleanor, unasikia? Mimi ni mkubwa."

"Nasikia. Nyoosha mgongo, mkubwa, upimwe."

Bi Mai akalala kifudifudi sakafuni, shavu juu ya zulia, akatazama nafasi kati ya ukingo na sakafu. Alisema namba, nikaiandika. Sikuilinganisha na daftari. Kisha tukamwinua, mmoja kila upande, na kweli kuinuka kulikuwa kazi.

Nilimwonyesha Bi Eleanor mahali mshono utakapokuwa. Hakuinama kutazama, alinyoosha mkono, nikauweka mahali penyewe.

"Hapa?"

"Hapo."

"Basi tutakaojua ni sisi wanne," alisema. "Na hawa mafundi wawili hawapandi meli."

Kulikuwa na uamuzi mmoja uliobaki, nao mtaukuta katika kila kilti. Marinda yaweza kukunjwa kwa namna mbili. Ya kwanza, unayapanga ili miraba ya nyuma ifanane na ya mbele, kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Ni namna ya kiungwana, na kitabu cha ufundi kilichokuwa dukani kiliisifu. Ya pili, unachagua mstari mmoja na kuurudia katikati ya kila rinda, ili mgongo mzima uwe na mistari ya wima. Nilipendekeza ya kwanza. Bi Mai alikipeleka kitambaa mbele ya Bi Eleanor, akakikunja haraka kwa vidole namna hii, kisha namna ile, na kumuuliza anaona nini.

"Hii, kijani tu," alisema Bi Eleanor. Kisha akageuza kichwa pembeni. "Hiyo, naona mistari. Ya manjano. Naona kabisa."

Hapo ndipo mjadala wa kitabu ulipoishia. Desemba yote tulishona kwa mkono, Bi Mai marinda na mimi mshono wa siri, nikifumua na kurudia mpaka kidole changu mwenyewe kilipoanza kuupoteza. Kila rinda lilibeba mstari wake wa manjano kutoka juu hadi chini. Siku ya kuchukua, Bwana Logan alitembea hadi mlangoni na kurudi, mistari ile ikifunguka na kujifunga nyuma yake, na mkewe akamwambia aende tena. Akaenda tena. Nikampa kilti ndani ya mguu wa soksi ya kike, na yeye, tofauti na wengine, hakuuliza ilitoka wapi.

Mtaniuliza juu ya mtihani. Niliurudia mwaka uliofuata. Profesa yule yule aliuliza swali refu, na mimi nikasema, samahani, sikusikia vizuri, naomba urudie. Akarudia. Lilikuwa swali jepesi. Shahada ninayo, iko kabatini chini ya mabaki ya sufu, na mchana ule ule wa mtihani nilirudi Richfield kwa sababu kulikuwa na kilti iliyokuwa bado inapoa na bandi zake hazijatolewa. Nilikusudia kukaa mpaka nipate kazi ya takwimu. Nilikaa mpaka nilipostaafu, na hesabu hiyo sijaona haja ya kuisahihisha.

Najua sasa mnapima kwa kamera, mteja akiwa nyumbani kwake na simu yake imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Sina ugomvi na kamera. Ingenifaa kuliko daftari langu. Lakini hata kamera lazima imwambie mtu jambo la kufanya, na anayeiandikia maneno hayo ni ninyi. Mwambieni apige magoti. Mwambieni kwa adabu, mpeni kitu cha kushika, na kama ni mzee, shukeni naye.

Mwezi Februari ilikuja bahasha kutoka Golden Valley, na ndani yake picha moja. Bwana Logan yuko kwenye ngazi zenye zulia jekundu, amegeuka nusu, ukingo wa kilti uko katikati ya goti hasa, na mgongoni ile mistari ya manjano imesimama kama kalamu ndani ya kikombe. Watu wawili waliovaa suti wamempisha. Bi Eleanor yuko ngazi tatu nyuma yake. Haitazami kamera, kichwa chake kimegeuka pembeni, mkao ambao wakati ule nilikuwa nimeshajifunza kuusoma, na macho yake yako kwenye marinda. Nyuma ya picha, kwa herufi kubwa za mtu anayeandika asichokiona vizuri, aliandika neno ambalo mumewe alimfundisha, ila alilikata katikati: mara haba.

Mnanijua. Nilikaa na picha ile mchana kutwa. Marahaba ni jibu la mkubwa kwa mdogo. Mara haba ni mara chache. Nilijua alikusudia la kwanza, lakini niliona kwamba la pili pia lilikuwa kweli, na sikuweza kuliacha. Kitambaa kilichosubiri tangu ujana wa mama kilivaliwa jioni mbili tu, Jumanne na Ijumaa. Ni mara haba, kweli. Lakini zote mbili aliziona.